Nani alikuwa jikoni? Mwongozo kamili wa kuhakiki tamthilia za Kihindi

Mwaka 2020, mwaka wa korona, mwanamuziki kijana wa India, Yashraj Mukhate, alichukua kipande kifupi cha tamthilia ya zamani, Saath Nibhaana Saathiya, akakitia mdundo na kukiachia mtandaoni. Kokila, mama mwenye nyumba, macho makali, anamhoji mkaza mwana wake Gopi: jikoni alikuwa nani? Nilikuwa mimi? Ulikuwa wewe? Nani? Kumbe ni Rashi, mke mwingine wa nyumba hiyo hiyo, aliyetoa dengu kwenye presha kuka akaiacha tupu motoni. Watu walicheka dunia nzima. Mimi nilikifanya mlio wa simu kwa wiki nzima.

Kicheko kilipoisha nikabaki na swali moja. Kwa nini dengu za presha kuka zinaendeshewa kesi utadhani kuna maiti? Nikarudi kutazama tamthilia yenyewe. Katika nyumba ile ya ukoo mzima, serikali ipo jikoni. Anayeamua kitakachopikwa, nani apike na nani asiguse sufuria, huyo ndiye mtawala, na mwanamke aliyeolewa juzi huanzia cheo cha chini kabisa. Kokila hakuwa anauliza habari za dengu.

Swali la namna hiyo ndilo linalozaa uhakiki. Sisi tunaoandika kuhusu tamthilia za Kihindi, wengi wetu tunaishia kusimulia: fulani kamkataa fulani, wifi kachoma barua, mume kapoteza kumbukumbu. Huo ni umbea mtamu, na mimi ni mteja wake mkubwa, ila msomaji aliyekwisha kuitazama episodi hana haja nao, na ambaye hajaitazama umemharibia. Hapa chini naeleza namna ninavyofanya mimi, hatua kwa hatua, pamoja na makosa yaliyonifundisha.

Hatua ya kwanza: chagua kipande, usibebe mlima

Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi ilianza Julai 2000 na kukoma Novemba 2008, ikiwa na episodi zaidi ya 1,800. Balika Vadhu ilianza Julai 2008 ikafika Julai 2016, episodi zaidi ya 2,200. Hakuna binadamu anayehakiki episodi 2,200. Anayesema amefanya hivyo ama hana kazi nyingine ama anakudanganya.

Watengenezaji wenyewe hawaifikirii tamthilia kama kitu kimoja. Wanaigawa katika vipande wanavyoviita traki: traki ya ndoa ya pili, traki ya mtoto aliyepotea, traki ya kesi mahakamani. Traki moja huchukua wiki kadhaa au miezi, ina mwanzo, kilele na mahali inapozimikia. Hicho ndicho kipimo kinachofaa kuhakikiwa. Kipande kingine kizuri ni zile episodi ishirini za mwanzo, kwa sababu hapo ndipo wazo la asili linapoonekana kabla soko halijalivuruga. Cha tatu ni ile ruka ya miaka, pale mtoto anapoamka asubuhi ameshakuwa mtu mzima na muigizaji amebadilishwa. Hapo una nafasi ya kupima nini kimebebwa kuvuka daraja na nini kimetupwa mtoni.

Kabla hujaendelea, andika juu ya ukurasa wako jina la asili la tamthilia, chaneli iliyoionyesha India, mwaka, na lugha uliyoitazamia. Hili linaonekana dogo lakini litakuokoa. Kumkum Bhagya ya Zee TV, iliyoanza 2014, watazamaji wengi wa Afrika wanaijua kwa jina la Twist of Fate kupitia Zee World. Ukiandika jina moja tu, nusu ya wasomaji watadhani unazungumzia kitu kingine. Namba za episodi nazo haziaminiki. India episodi ya nusu saa, ukitoa matangazo, hubaki dakika ishirini na kidogo, na chaneli za kwetu mara nyingi huunganisha mbili kuwa moja. Kwa hiyo taja tukio, usitegemee namba.

Hatua ya pili: tazama mara mbili, na mara ya pili uwe na daftari

Mara ya kwanza tazama kama mtu wa kawaida. Lia kama panaliza, tukana runinga. Usiandike kitu. Hisia hizo ni ushahidi pia, maana tamthilia imetengenezwa ili ikupate hapo, na mhakiki aliyejifanya jiwe hawezi kueleza kwa nini majirani zake wanazima jiko saa mbili usiku.

Mara ya pili chora safu tatu kwenye daftari: kinachosemwa, kinachoonyeshwa, kinachosikika. Weka simu karibu kwa ajili ya kupima muda.

Chukua tukio la kofi, maana hakuna tamthilia isiyo na kofi. Mkono unainuka. Picha inakatika, unainuka tena kutoka pembe nyingine, halafu tena, na kila mara kinanda kinapiga ngurumo ileile. Kofi limepigwa mara moja, tumeliona mara tatu. Kisha kamera inaanza ziara: uso wa mavyaa, uso wa wifi anayezuia tabasamu, baba mwenye nyumba aliyeshika ukingo wa kiti, bibi aliyeacha kuhesabu shanga, mtumishi mlangoni na trei ya chai. Mara nyingine kila uso unapewa zamu yake ya kukuzwa mara mbili. Nimewahi kupima tukio kama hilo, sekunde hamsini na tano bila neno kutamkwa.

Wengi wanaandika kwamba huku ni kupoteza muda. Ni kweli, kuna kupoteza muda, maana episodi inapaswa kujaa kila siku ya kazi. Lakini tazama tena safu yako ya pili. Kamera imekwenda kwa kila mtu wa nyumba ili kuuliza: umeona? Aliyepigwa karibu hana nafasi kwenye picha. Kilichokuzwa ni macho ya familia, kwa sababu katika hadithi hizi aibu ni mali ya ukoo mzima, na familia ndiyo mahakama. Ukiandika sentensi moja kama hiyo, ukiwa na muda ulioupima, umeshampa msomaji kitu ambacho hakukiona mwenyewe.

Hatua ya tatu: jifunze alama

Hatua hii ni fupi kuieleza ingawa ni ndefu kuifanya. Unga mwekundu kwenye utosi wa mwanamke, sindoor, ni dalili ya mke aliye na mume. Mangalsutra ni mkufu wa shanga nyeusi wenye maana hiyo hiyo, na ukikatika kwenye tamthilia jua kuna balaa njiani. Bibi arusi anapoingia kwa mumewe mara ya kwanza husukuma kwa mguu chombo kilichojaa mchele kizingitini. Karva Chauth ni siku wanawake wanafunga tangu alfajiri mpaka wauone mwezi, wakiwaombea waume zao maisha marefu. Sari nyeupe kwa mjane. Kugusa miguu ya mkubwa ni salamu ya heshima, karibu sawa na shikamoo yetu, na mwandishi wa tamthilia huitumia kwa ujanja: angalia nani anaugusa mguu wa nani, na nani anaurudisha mguu wake nyuma ili asiguswe.

Watu wa pwani wana bahati hapa. Aliyewahi kumwona mwali akisuguliwa singo na kupakwa hina haoni ajabu siku ya manjano na siku ya mehndi. Lakini usikimbilie kusema ni kitu kimoja. Eleza kinachofanana, kisha sema kinachotofautiana.

Hatua ya nne: chunga maneno, hasa mahari

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumbuka.

Miaka ya mwanzo niliandika mapitio marefu kuhusu bibi arusi anayeteswa na wakwe zake kwa sababu ya mahari. Niliandika mahari mara kumi na kitu. Msomaji mmoja wa Mombasa, mwanamke wa asili ya Kigujarati, akaniandikia kwa upole kabisa: “Dada yangu, huyo hakutolewa mahari. Babake ndiye aliyelipa.”

Nikarudia kuyasoma mapitio yangu na aibu ikanipanda hadi masikioni. Kwetu mahari hutoka upande wa mwanamume kwenda kwa mwanamke au wazazi wake. Dahej ya India inakwenda njia ya kinyume. Wazazi wa binti ndio wanaowapa mume na jamaa zake fedha, dhahabu, friji, pikipiki, gari. Kwa hiyo mtafsiri anaposema “mahari bado haijakamilika”, sikio la Mswahili linasikia kwamba bwana arusi anadaiwa. Hadithi yote inageuka kichwa chini, mama mzazi wa binti anaonekana mchoyo, na mavyaa anayedai gari jipya anaonekana kama mtu anayesubiri haki yake. Tangu siku hiyo naandika dahej, naieleza mara moja kwa sentensi moja, kisha naendelea.

Majina ya ukoo nayo yana mtego, na wachache wanauona. Kiswahili kina utajiri hapa kuliko Kiingereza: saas ni mavyaa, bahu ni mkaza mwana, devar ni shemeji. Mhakiki anayeandika kwa Kiswahili hana sababu ya kuandika “mama mkwe” kwa kila mtu. Lakini tazama neno wifi. Kwetu mke wa kaka na dada wa mume huitana wifi, neno moja linakwenda na kurudi, na ndani yake mna usawa, hata utani. Kihindi kina maneno mawili. Nanad ni dada wa mume, bhabhi ni mke wa kaka, na hawakai ngazi moja, maana yule wa kwanza ni binti wa nyumba na huyu wa pili ni mgeni aliyeletwa. Vivyo hivyo mke wa kaka mkubwa na mke wa kaka mdogo wana majina tofauti, jethani na devrani, na vyeo tofauti. Tafsiri ikiwaita wote wifi au shemeji, ngazi zimefutwa, na wewe utashangaa kwa nini mwanamke mzima anatetemeka mbele ya “wifi” aliyemzidi umri kwa mwaka mmoja. Mhakiki ndiye wa kuzirudisha hizo ngazi.

Jambo jingine dogo: beta maana yake ni mwanangu wa kiume, lakini wazazi huwaita hivyo hata mabinti zao kwa mapenzi. Nimesoma mapitio yaliyojenga aya nzima juu ya baba “aliyetamani mwana wa kiume” kwa sababu alimwita bintiye beta.

Kama ulitazama toleo la wale wasimulizi wa vibanda umiza, wanaotafsiri huku wakitia chumvi, sema wazi. Ni sanaa yenye utamu wake, ila utani wa msimulizi usimpachike mwandishi wa India.

Hatua ya tano: tafuta dhamira inayotendeka

Shuleni tulifundishwa kuhakiki fani na maudhui, na mtihani ukaja: “Taja dhamira tano.” Tukazoea kuorodhesha. Ndoa za utotoni, usaliti, mapenzi ya dhati, nafasi ya mwanamke, umuhimu wa elimu. Orodha hiyo ukiibandika kwenye tamthilia yoyote ya Kihindi itashika, ndiyo maana haina faida.

Fanya hivi. Kwanza andika dhamira inayotangazwa, ile ambayo tamthilia yenyewe inasema inapigania. Halafu, kwenye ukurasa mwingine, jibu maswali haya kwa matukio, siyo kwa maoni: Nani analipa gharama ya kosa? Nani anaomba msamaha, na mbele ya nani? Mateso yamepewa dakika ngapi, na marekebisho dakika ngapi? Aliyevumilia anazawadiwa nini? Aliyekataa kuvumilia anafanywa nini? Ukurasa wa pili ndio dhamira inayotendeka. Pengo kati ya kurasa hizo mbili ndilo andiko lako.

Balika Vadhu ni shule nzuri ya kufanyia zoezi hili. Kijiji cha Jaitsar, Rajasthan. Anandi, mtoto wa miaka minane, anaozwa kwa Jagdish, mtoto mwenzake. Nyumba inatawaliwa na bibi wa mume, Dadisa, aliyeigizwa na marehemu Surekha Sikri. Mpaka leo nikimkumbuka anavyopunguza sauti anapokasirika, badala ya kuipandisha, nywele zinanisimama. Dadisa anamwachisha Anandi shule. Dhamira iliyotangazwa haina utata: ndoa za utotoni ni uovu.

Sasa fungua ukurasa wa pili. Usimfuate Anandi peke yake, maana mhusika mkuu analindwa na hadithi. Wafuate wa pembeni. Sugna, dada wa Jagdish, naye aliozwa mtoto; mumewe akafa kabla hajaenda kuishi naye, akabaki mjane hali bado kijana. Hapo tamthilia inatenda inachokisema, maana inamfikisha Sugna kwenye ndoa ya pili na inaonyesha nyumba inavyopambana na wazo hilo. Gehna ni kesi nyingine. Ni msichana maskini aliyeozwa kwa Basant, mtu mzima aliyefiwa na mke, na anaanza kwa woga na chuki. Kadiri traki inavyokwenda anageuzwa mke mwenye mapenzi kwa mume yuleyule. Mdomo wa tamthilia unalaani ndoa ya kulazimishwa, mkono wake unampa Gehna zawadi kwa kuizoea. Mimi hilo liliniudhi na bado linaniudhi. Kuna mwenzangu anayeona kwamba ni ukweli wa maisha, kwamba wanawake wengi waliozwa hivyo na wakatafuta namna ya kuishi. Tumebishana miaka, chai imepoa mara nyingi. Mapitio mazuri ya Balika Vadhu yanaweza kuandikwa juu ya Gehna peke yake.

Dadisa naye asikupite. Yeye mwenyewe aliolewa mtoto. Ukimhukumu kama adui wa sinema za zamani, yule anayesubiri kupigwa na stelingi, umemkosa. Anapokuja kusimama upande wa Anandi dhidi ya mjukuu wake aliyeoa mke mwingine mjini, uliza ni nini kilichombadilisha. Mimi naona ni heshima ya nyumba iliyotiwa doa, zaidi ya haki ya msichana. Tafuta tukio linalonipinga. Lipo angalau moja.

Mfano wa pili nauleta kwa sababu watu waliudharau. Gopi, yule wa presha kuka, katika episodi za mwanzo anaiosha kompyuta ndogo ya mumewe kwa sabuni na maji. Imekuwa mzaha wa kudumu. Lakini Gopi alilelewa na mjomba na mkewe kama mtumishi, hakusomeshwa. Ameona kitu kina uchafu, akafanya kitu pekee alichofunzwa tangu utoto, kusafisha, kwa bidii na kwa mapenzi. Tukio lenyewe, ukiondoa kicheko, ni la msichana aliyenyimwa shule akipeleka zawadi. Kisha uliza: tamthilia inamcheka nani? Muziki wa tukio utakujibu. Ndiyo maana nikasema uwe na safu ya tatu.

Hatua ya sita: jua sheria na miaka

Mhakiki asiyejua sheria ataandika kwamba India “inaruhusu” mambo ambayo imeyapiga marufuku tangu enzi za babu yake. Kuchomwa kwa wajane kulipigwa marufuku Bengal mwaka 1829. Sheria ya kuruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena ni ya 1856. Ndoa za watoto ziliwekewa sheria mwaka 1929, na ya sasa ni ya 2006: msichana miaka 18, mvulana 21. Dahej ni haramu tangu 1961. Mwaka 1983 ukatili wa mume na jamaa zake ukawa jinai yenye kifungu chake, na 1986 ikaongezwa jinai ya kifo cha dahej, mwanamke anapokufa kifo kisicho cha kawaida ndani ya miaka saba ya ndoa baada ya kusumbuliwa kwa ajili ya mali. Takwimu za serikali za miaka ya karibuni bado zinahesabu vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka. Mabinti wa Kihindu walipata haki sawa ya mali ya ukoo mwaka 2005.

Ukiwa na miaka hiyo mkononi, maswali yanabadilika. Tamthilia ya 2008 inapoonyesha ndoa ya watoto, inaonyesha kosa la jinai, miaka miwili baada ya sheria mpya. Je, kuna polisi kwenye hadithi? Kuna mtu anayetaja sheria? Kinyume chake, sheria ya India haimtambui mume kuwa mbakaji wa mke wake mtu mzima. Kumbe Kyunki, tamthilia inayodharauliwa kuwa ya sari na ugomvi wa mavyaa, miaka ya 2000 ilikuwa na traki ambayo mhusika mkuu, Tulsi, anampiga risasi mwanawe mwenyewe, Ansh, aliyekuwa akimtendea mkewe unyama huo. Hapo tamthilia ilikuwa mbele ya bunge. Mambo kama haya hayaonekani bila kujua sheria.

Hatua ya saba: fuata pesa

Tamthilia hizi zinaandikwa huku zinaonyeshwa. Kila Alhamisi hutoka takwimu za watazamaji, TRP, ambazo tangu 2015 zinapimwa na BARC, baraza la kupima watazamaji wa runinga India, na zikishuka traki hukatwa katikati kama kanga. Mihir, mume wa Tulsi, aliuawa kwenye Kyunki. Watazamaji wakalia na kulalamika mpaka akarudishwa kutoka wafu. Kwa hiyo mhusika akibadilika ghafla, kabla hujaandika falsafa nzito kuhusu hali yake ya nafsi, chunguza kama muigizaji alitoka, kama saa ya kuonyeshwa ilihamishwa, kama upigaji picha ulisimama, maana ulisimama kweli India nzima kuanzia Machi 2020.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Hum Log, tamthilia ndefu ya kwanza ya runinga ya India, ilianza Julai 1984 kwenye Doordarshan, runinga ya serikali, kwa kuiga mbinu za Mexico za kufundisha jamii kupitia hadithi, uzazi wa mpango ukiwa miongoni mwa malengo. Mwisho wa kila episodi muigizaji mkongwe Ashok Kumar alitokea akazungumza na watazamaji. Ukiona tamthilia inafunga kwa maneno ya nasaha, unaona mabaki ya zama hizo.

Angalia pia nani hayupo. Nyumba ni kubwa, ngazi ya mviringo, familia ni ya Kihindu yenye nacho, ya kaskazini au Gujarat. Dalit, mtu wa tabaka linalodharauliwa kuliko yote, yuko wapi? Mwislamu anakuja kama nani? Mtumishi ana jina?

Hatua ya nane: leta nyumbani kwa tahadhari

Msomaji wako yuko Dodoma au Lamu au Muscat na atataka kujua inamhusu nini. Ukihakiki Balika Vadhu kwa Watanzania, kiungo kipo na ni cha kweli: Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana mwaka 2019. Mtu anayetikisa kichwa kwa ajili ya Rajasthan akumbushwe hilo kwa aya moja tulivu, bila kumfokea.

Na usiandike kamwe “Wahindi ndivyo walivyo”. Jirani yako Muismailia, Bohora au Mgoa haishi kwenye nyumba ya Kokila, na huenda anaicheka kuliko wewe.

Hatua ya tisa: andika

Anza na tukio moja, lile lenye nguvu kwenye daftari lako. Muhtasari usizidi sentensi nne. Kama utatoboa siri ya mbele, onya mapema. Taja waliofanya kazi: India mwenye hadithi, mwandishi wa skripti na mwandishi wa mazungumzo mara nyingi ni watu watatu tofauti, kwa hiyo usimsifu “mwandishi” kwa kila kitu. Nyota tano na alama kumi mimi siweki, ila ukiweka eleza umepima nini.

Linganisha mistari hii. Wa kwanza niliuandika mimi zamani: “Tamthilia hii inafundisha umuhimu wa elimu kwa mtoto wa kike na inagusa hisia sana.” Wa pili: “Gopi anaisugua kompyuta kwa bidii ileile anayosugulia masufuria, na muziki unatualika tumcheke, baadaye tamthilia itamwonea huruma kwa kutosoma, lakini kicheko ilishakichukua.” Wa kwanza ungeweza kuandikwa na mtu ambaye hakuitazama.

Ukimaliza weka tarehe na traki uliyofikia, maana wiki ijayo aliyekufa anaweza kubisha hodi.

Hatua ya mwisho: msomee mtu aliyeitazama

Mimi namsomea shangazi yangu wa Tanga. Anaitazama kila tamthilia tangu enzi za kanda za video, hajui kusoma maandishi madogo ya simu, na hana huruma. Mara ya mwisho nilikuwa nimeandika aya tatu kuhusu Dadisa, nikamwita bibi katili asiyejali kitu ila heshima ya ukoo. Nikamsomea kwa madaha.

“Hebu rudia hapo, mwanangu.”

Nikarudia.

“Na ile siku alipokaa peke yake chumbani, uliandika wapi?”

Nikasema sikuiandika, shangazi, niliiona haina kitu, hasemi neno.

“Haya,” akasema, akanyoosha mkono kuchukua rimoti.

Nikafuta aya mbili.